Protini Inapigaje Hodi kwenye Mitokondria? Majibu ya Barua Zenu

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba karibu protini zote za mitokondria, vile vyombo vidogo ndani ya seli vinavyozalisha nishati, zinatengenezwa nje yake halafu zinaingizwa ndani, nikaendelea na mengine. Sentensi hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko makala yote niliyoyaandika mwaka huu, na nimefurahi mno maana hili ni jambo ninalolipenda kwa moyo wote. Leo ukurasa wote ni wake. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko sekondari nasoma baiolojia, kitabu chetu kinasema mitokondria ina DNA yake na ribosomu zake, sasa wewe umesema protini zake zinatoka nje. Si inajitosheleza hiyo? Kwa nini iagize vitu ambavyo inaweza kujitengenezea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kitabu chako hakijakosea ila kimekuambia nusu. DNA ya mitokondria ya binadamu ipo kweli, ni duara dogo la herufi 16,569, ina jeni 37. Sasa zigawe hizo 37: jeni 22 ni za RNA zinazobeba asidi amino, zile shanga zinazounda protini, 2 ni za RNA za ribosomu, mashine ya kutengenezea protini, zinabaki 13 ndo za protini. Kumi na tatu tu! Na mitokondria ya binadamu ina protini za aina zaidi ya 1,100. Hizo nyingine zote jeni zake ziko kwenye kiini cha seli, ribosomu za kwenye saitoplazimu, yaani ute wa seli ulio nje ya kiini, ndo zinazitengeneza, halafu zinasafiri. Hata zile protini zinazounda ribosomu yake unayoisema zinatoka nje, hata kimeng'enya kinachonakili hiyo DNA yake kinatoka nje. Yaani hata hizo 13 haiwezi kuzitengeneza bila kuletewa vifaa.

Ilifikaje hapo? Mitokondria zamani ilikuwa bakteria anayejitegemea, akaingia ndani ya seli nyingine zaidi ya miaka bilioni 1.5 iliyopita akabaki humo. Mwanabaiolojia Lynn Margulis aliitetea hoja hii kwenye makala yake ya 1967 wakati wengi hawakutaka hata kuisikia, na leo ndo inafundishwa kila mahali. Bakteria yule alikuja na jeni zake zote, lakini vizazi kwa vizazi nyingine zilipotea na nyingine zikahamia kwenye kiini. Sasa jeni ikihamia kiini, protini yake inazaliwa nje, na lazima pawe na njia ya kuirudisha ndani, bila hiyo njia uhamiaji wote ungekuwa hasara. Kwa hiyo mlango wa mitokondria si nyongeza iliyokuja baadaye, ndo uliowezesha bakteria yule kugeuka kuwa sehemu ya seli.

Na hizo 13 kwa nini zimebaki? Sababu moja inayotajwa sana ni kwamba ni protini zenye sehemu nyingi zinazochukia maji, zingetengenezwa nje zingepata taabu kufika. Sababu nyingine ni lugha yenyewe. Herufi tatu UGA kwenye jeni za kiini maana yake ni "simama hapa", lakini ndani ya mitokondria yetu UGA maana yake ni "weka asidi amino triptofani". Jeni ya mitokondria ikihamia kiini leo hii bila kubadilishwa, ribosomu za nje zitaikatisha katikati ya sentensi.

SWALI: Ndani ya seli kuna vitu vingi mno. Protini inajuaje kwamba inaenda mitokondria na si kwenye kiini au kwingineko? Kuna kitu kinaibeba kuipeleka?

JIBU: Hakuna dereva, na protini haijui chochote. Inazaliwa, inasukumwasukumwa na maji ya seli huku na huku, inagusana na kila kitu, mpaka inapogusa mahali panapoitambua. Kinachotambulika ni lebo, na lebo yenyewe ni sehemu ya mwili wa protini hiyo, ni zile asidi amino za mwanzo kabisa, kwa kawaida 15 hadi 50 hivi. Kwamba protini hubeba anwani ndani ya mwili wake ni jambo lililompa Günter Blobel Tuzo ya Nobel mwaka 1999, yeye alianzia kwenye protini zinazotoka nje ya seli, lakini kanuni imekuja kuonekana kwingi.

Kwa mitokondria, jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanyika Basel, Uswisi, mwaka 1984 kwenye maabara ya Gottfried Schatz. Walichukua kimeng'enya cha panya, DHFR, ambacho makazi yake ni saitoplazimu na hakina habari kabisa na mitokondria, wakakibandika mbele kipande cha lebo kutoka protini moja ya mitokondria ya hamira. Kikaingia. Kitu kigeni kabisa, cha kiumbe mwingine, kimeingia ndani ya mitokondria ya hamira kwa sababu tu kimevaa lebo sahihi! Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba hata asidi amino 12 za mwanzo zinatosha.

Hebu tuitazame lebo hiyo kwa karibu maana hapa ndo utamu wenyewe ulipo. Ina asidi amino 25. Inaanza hivi: metionini, lusini, serini, lusini, arjinini, glutamini, serini, isolusini, arjinini, fenilalanini, fenilalanini, lisini, halafu inaendelea. Arjinini na lisini zina chaji chanya. Ukihesabu toka mwanzo utazikuta kwenye nafasi ya 5, ya 9, ya 12, ya 16, halafu moja tena ya 22. Angalia nafasi zinavyoachana: nne, tatu, nne. Sasa kipande hiki hujiviringa kama springi, na kwenye springi ya namna hii mzunguko mmoja unachukua asidi amino 3.6. Kwa hiyo kila baada ya tatu au nne unarudi upande ule ule! Chaji chanya zote nne za kwanza zinapangana upande mmoja, na upande wa pili zinajipanga lusini na fenilalanini ambazo ni za mafuta mafuta, hazipendi maji. Na asidi amino yenye chaji hasi kwenye lebo hiyo hakuna hata moja.

Ndo maana ukilinganisha lebo za protini mbili tofauti za mitokondria unaweza kukuta herufi hazifanani kabisa na bado zote mbili zinafanya kazi. Kinachosomwa si maneno, ni umbo: springi yenye upande wa chaji chanya na upande wa mafuta. Mi hadi leo nikiichora kwenye karatasi, naweka nukta moja moja kuzunguka duara, nikiona zile chanya zinajikusanya upande mmoja nasisimka.

SWALI: Kinachonisumbua mimi ni kuta. Mitokondria ina tando mbili na huo wa ndani hata ioni ya hidrojeni haipiti hovyo. Sasa protini ambayo ni kubwa mara maelfu inapitaje bila kuacha tundu wazi?

JIBU: Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Inapita kwa kukunjuliwa. Protini iliyokamilika ni kama donge la uzi lililosokotwa vizuri, na donge haliingii kwenye tundu la sindano, lakini uzi unaingia. Kwa hiyo protini inayoelekea mitokondria haiachwi ijikunje ikamaliza. Ikishazaliwa tu inashikwa na protini walezi, Hsp70 na Hsp90, zinaifunika zile sehemu ambazo zingenatana na kuiweka katika hali ya kulegea mpaka ifike mlangoni.

Tunajua hivyo kwa uhakika kwa sababu ya jaribio jingine la Basel, la 1986. Walirudi kwenye ile DHFR yao yenye lebo, safari hii wakaongeza methotreksati, dawa inayotumika kutibu saratani na baridi yabisi, ambayo hung'ang'ania DHFR kwa nguvu na kuikaza isikunjuke. Lebo ni ile ile, mitokondria ni ile ile nzima na yenye nguvu, lakini protini ikagoma kuingia. Ilikuwa na kibali chote cha kuingia, isipokuwa haikuweza kulegea.

Mlango wa nje unaitwa TOM. Wanaoitikia hodi ni wawili, Tom20 anashika upande wa mafuta wa ile springi na Tom22 anashika upande wa chaji, unaona sasa kwa nini umbo lile lina pande mbili? Kisha lebo inapenyezwa kwenye tundu lenyewe, Tom40, ambalo ni pipa lililoundwa kwa nyuzi 19 za protini zilizosimama duara, upana wa tundu ni kama nanomita 2. Ikichomoza upande wa pili inapokewa na Tim50 ambaye anaikabidhi kwa mlango wa utando wa ndani, TIM23.

Na hapa ndo jibu la hofu yako. Mlango wa ndani hauachwi wazi ukisubiri wageni. Kukiwa hakuna lebo, Tim50 huyo huyo anasaidia kuufunga. Lebo ikifika unafunguka, na uzi wa protini unapopita wenyewe unajaza nafasi, hakubaki pengo la ioni kuvujia.

Nini kinaivuta? Kwanza umeme. Utando wa ndani una tofauti ya umeme ya milivolti 150 hadi 180, upande wa ndani ukiwa hasi. Namba hiyo inaonekana ndogo, ni kama sehemu ya kumi tu ya betri ya tochi, ila utando wenyewe una unene wa nanomita 5 hivi, kwa hiyo ukipiga hesabu ni volti milioni 30 kwa mita, mara kumi ya nguvu inayotosha kuifanya hewa kavu itoe cheche. Lebo yenye chaji chanya ikikaribia hapo inavutwa kuelekea ndani, haina namna. Sasa unajua zile arjinini zilikuwa za nini.

Lakini umeme unavuta lebo tu, mwili uliobaki hauna chaji za kutosha. Mwili unashughulikiwa na Hsp70 ya ndani ya mitokondria, imefungwa mlangoni na Tim44, inatumia ATP, ile molekuli inayobeba nishati ya seli. Kila kipande cha uzi kinachochungulia ndani inakidaka, uzi hauwezi tena kurudi, kinachungulia kingine inadaka tena, hivyo hivyo mpaka mkia unaisha. Huku nyuma kimeng'enya kinachoitwa MPP kimeshaikata lebo, maana kazi yake imeisha. Baadhi ya protini zinajikunja zenyewe, nyingine zinaingizwa kwenye kichumba cha Hsp60 zikajikunje humo bila kusumbuliwa. Kazi hii ya Hsp60 ilitambuliwa mwaka 1989 na kina Arthur Horwich na Ulrich Hartl, kwa kutumia hamira ambayo mitokondria zake ziliingiza protini vizuri tu ila zikishaingia hazijikunji.

Haya yote unaweza kuyaona kwa macho, si hadithi. Nilipokuwa maabara tulikuwa tunatengeneza protini kwenye kichupa kidogo, tunaiwekea metionini yenye mionzi, tunachanganya na mitokondria zilizotolewa kwenye hamira, tunachukua sampuli dakika ya kwanza, ya tano, ya kumi, ya ishirini. Kila sampuli tunaiwekea kimeng'enya cha kumeng'enya protini, kinachosafisha chochote kilichobaki nje, kilicho ndani kinasalimika. Kisha tunazitenganisha protini kwa ukubwa, na mionzi yake inachora filamu. Ukisafisha filamu unaona mistari miwili myeusi, wa juu ni protini yenye lebo, wa chini kidogo ni protini iliyokatwa lebo, tofauti yao milimita chache tu. Ule wa chini unaanza hafifu halafu unakolea dakika hadi dakika. Na ukiweka valinomaisini, dawa inayoua umeme wa utando, mstari wa chini haupo kabisa, pamebaki peupe. Mara ya kwanza kuiona filamu hiyo nilikaa nayo dirishani muda mrefu, nikisogeza kidole toka mstari hadi mstari.

SWALI: Je, zote zinapita njia hiyo moja?

JIBU: Mlango wa nje wa TOM karibu zote, baada ya hapo njia zinaachana. Wale wabebaji wa utando wa ndani, mfano yule anayetoa ATP nje na kuingiza ADP, hawana lebo ya mbele kabisa, ishara zao ziko ndani ya mwili wenyewe, wanapokelewa na Tom70, wanasindikizwa kwenye maji ya katikati na Tim9 na Tim10, wanapachikwa kwenye utando na mlango mwingine, TIM22. Protini ndogo ndogo zinazokaa kati ya tando mbili zinanaswa na Mia40, anazifunga kwa vifungo vya salfa zikikunjika haziwezi tena kutoka. Mapipa ya utando wa nje, kama Tom40 mwenyewe, yanaingia kwanza kisha yanapachikwa toka ndani na SAM. Huyu SAM napenda kumtaja maana protini yake kuu, Sam50, ina ndugu yake kwenye bakteria wa leo, anafanya kazi ile ile ya kupachika mapipa kwenye utando wa nje wa bakteria. Ni urithi wa yule mgeni wa zamani, haujaachwa mpaka leo.

SWALI: Habari ndugu mwandishi. Mtoto wa dada yangu anapata mawe kwenye figo kila mara, wamempima wakasema ni tatizo la kurithi, kimeng'enya cha kwenye ini "kimeenda sehemu isiyo yake". Tulitoka pale hatujaelewa. Kimeendaje?

JIBU: Poleni sana, na umfikishie dada yako pole zangu, najua mtoto akiumwa figo nyumba nzima hailali. Nitakueleza ninavyoelewa, mkirudi kwa daktari mtakuwa na maswali mazuri zaidi.

Inaelekea wanazungumzia ugonjwa wa oksaleti wa aina ya kwanza. Kimeng'enya chenyewe kinaitwa AGT, kwa binadamu kinatakiwa kukaa kwenye vifuko vidogo vya seli za ini vinavyoitwa perokisomu, kazi yake ni kugeuza gliokisileti kuwa glisini. Kisipokuwepo hapo, gliokisileti inageuka oksaleti, oksaleti inashikana na kalisi, inakuwa fuwele, ndo hayo mawe.

Kwa baadhi ya wagonjwa kimeng'enya hakijaharibika! Kipo na kinaweza kufanya kazi, ila kimepotelea mitokondria. Na ilivyotokea ni ajabu. Kuna watu wengi tu wenye afya ambao AGT yao ina badiliko dogo kwenye asidi amino ya 11, prolini imekuwa lusini, na badiliko hilo bila kukusudia limetengeneza lebo dhaifu ya mitokondria. Haliwadhuru, kwa sababu AGT hujikunja haraka na kushikana wawili wawili, na kitu kilichokunjika hakipiti mlangoni, tumeona kwa methotreksati. Sasa akitokea mtu mwenye badiliko hilo, halafu na la pili kwenye asidi amino ya 170 ambalo linachelewesha kujikunja, uzi unabaki umelegea kwa muda, lebo dhaifu inapata nafasi, mlango unaikubali. Sehemu kubwa ya kimeng'enya inaishia mitokondria ambako haina msaada.

Muulizeni daktari kwa jina: je mtoto ana badiliko hilo la 170? Maana wenye hilo mara nyingi vitamini B6 inawasaidia kupunguza oksaleti, wakati wenye mabadiliko mengine wengi haiwasaidii. Kipimo cha dozi ni cha daktari, msimpe wenyewe. Na maji ya kunywa kwa wingi kama walivyowaelekeza msiyaache.

Kitu kimoja zaidi: kwa wanyama walao nyama kama paka, AGT inakaa mitokondria kwa kawaida, na kwa sungura inakaa perokisomu, inafuata chakula ambacho wanyama hao wamekula kwa vizazi. Kwa hiyo anwani si kitu cha kubandikwa tu, ni sehemu ya kazi yenyewe.

SWALI: Mwalimu, baba yangu mdogo amepata ugonjwa wa Parkinson akiwa na miaka 41. Nimesoma kwamba unahusiana na protini inayoshindwa kuingia mitokondria. Ni kweli?

JIBU: Pole mdogo wangu, mpe pole na baba mdogo. Ni kweli kwa sehemu, na sitaki uelewe zaidi ya hiyo sehemu. Wagonjwa wengi wa Parkinson hawana tatizo hili la jeni. Lakini wanaougua mapema, kabla ya miaka 50, baadhi yao wana hitilafu kwenye jeni mbili, PARKIN iliyotambuliwa mwaka 1998 na PINK1 iliyotambuliwa 2004, na inabidi nakala zote mbili, ya mama na ya baba, ziwe na hitilafu.

PINK1 ina lebo ya mitokondria. Kwenye mitokondria nzima inapita TOM, inafika TIM23, inakatwa hapo, inatolewa na kuharibiwa. Inatengenezwa, inapiga hodi, inaharibiwa, siku nzima, usiku kucha. Unaweza kudhani ni upotevu. Lakini fikiria mitokondria iliyochakaa, umeme wake umeshuka. Lebo haivutwi. PINK1 inakwama pale pale mlangoni TOM, haikatwi, zinarundikana nyingi, na PINK1 iliyorundikana inaanza kazi yake ya kweli: inamwita Parkin, Parkin anaipaka mitokondria ile alama za ubikwitini kote, na seli inaimeza na kuisaga.

Yaani seli inapima afya ya mitokondria kwa kuangalia kama mlango wake bado unapitisha. Mimi naona hii ni moja ya mambo ya busara kuliko yote niliyowahi kusoma kwenye baiolojia. PINK1 au Parkin ikiwa na hitilafu, kipimo kinakufa, mitokondria mbovu zinabaki, na seli za ubongo zinazotengeneza dopamini ni miongoni mwa zinazoumia. Kwa hiyo si kwamba PINK1 ikishindwa kuingia ndo ugonjwa, ni kinyume, ikishindwa kuingia ndo kengele inalia, ugonjwa ni pale kengele yenyewe inapokosekana.

Dawa ya kurudisha kengele hiyo haijafika hospitalini, asikudanganye mtu. Ila kwa mtu aliyeanza na miaka 41, kuuliza kuhusu kipimo cha jeni ni swali la haki kabisa kumuuliza daktari wa mishipa ya fahamu, hasa kama wazazi wake walikuwa na undugu wa damu.

SWALI: Kuna unga unauzwa mtandaoni, wanasema una "protini za mitokondria" zinazoenda moja kwa moja kuongeza nguvu. Ninunue?

JIBU: Usinunue dada yangu. Protini ukiimeza, tumbo na utumbo zinaikatakata kuwa asidi amino moja moja na vipande vidogo sana, lebo inaondoka na kila kitu. Hata tuseme moja imeponea chupuchupu ikafika kwenye damu, bado iko nje ya seli, na mlango wa TOM uko ndani. Na ingefika ingekuwa imejikunja. Kila mitokondria uliyonayo inapokea protini ambazo seli hiyo hiyo imezitengeneza. Pesa yako itunze.

SWALI: Swali fupi. Seli nyekundu za damu nazo zinaingiza protini kwenye mitokondria?

JIBU: Zikiwa changa kwenye uboho wa mifupa, ndiyo, na kwa wingi, maana hatua za mwanzo na za mwisho za kutengeneza himu, ile sehemu yenye chuma inayoshika oksijeni, zinafanyika ndani ya mitokondria na vimeng'enya vyake vyote lazima viingizwe. Zikikaribia kukomaa kiini kinatolewa, halafu mitokondria nazo zinamezwa na kusagwa, protini inayoitwa NIX ndo inaziwekea alama. Seli nyekundu iliyokomaa inaishi kama siku 120 haina kiini wala mitokondria hata moja, ATP yake inaipata kwa kuvunja glukosi tu.